Mnyoosha Migongo Asiyenyoosha

Jumatatu, 3 Machi

Shingo imekaza tena. Mteja akiniita nageuka mzima mzima kama kabati. Wifi yangu kaniona nikihangaika kwenye cherehani, kaanza wimbo wake: nenda kwa mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo, amemponya bosi wake. Kairopraktiki, anaita. Jina refu kuliko mgongo wenyewe! Bosi wake kaponywa na likizo, hilo hasemi. Nimekubali ili anyamaze.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Kumbe ni chumba juu ya duka la rangi. Mifupa ya plastiki imening'inizwa pembeni kama gauni lililokosa mwenyewe. Dada wa mapokezi kanipa fomu, kurasa nne! Niliwahi kuanguka? Nalalia ubavu gani? Ganzi mikononi? Nikajaza "hapana" mpaka mwisho. Nimekuja kunyooshwa, si kuungama.

Mtaalamu mwenyewe kijana, viatu vyeupe, tabasamu la muuza magodoro. Kanisimamisha, kanizunguka. Eti bega la kulia limeshuka. Miaka ishirini na sita napima mabega ya watu, leo napimwa mimi! Kanilaza kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, kabonyeza pingili moja moja. Nikasubiri anivunje. Chumba cha pili kuna mtu alishavunjwa — ko! — akacheka kama katekenywa. Upuuzi mtupu.

Kisha kaniketisha, kanigonga viwiko kwa kinyundo. Mkono wa kushoto ukaruka. Wa kulia kimya. Kagonga tena. Kimya. Kanifumbisha macho, kashika pamba: "Mama, nimegusa kidole kipi?"

Nikamwambia bado hujagusa.

Alishagusa vitatu.

Tabasamu likamtoka. Kauliza ganzi ina muda gani. Ganzi gani? Akakigeuza kidole changu cha shahada. Matundu mawili ya sindano, mabichi. Sijui nimejichoma lini.

"Shingo yako siigusi, mama." Kaandika barua, nikapigwe picha hospitali kubwa. Haraka, kasema. Mganga asiyeganga!

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kauliza, amekunyoosha? Nimemwambia tapeli yule, kazi haijui. Nimeshona mikono miwili ya joho la mahafali. Nimeifumua yote miwili.

Ijumaa, 7 Machi

Benchi la hospitali. Nimekuja peke yangu, wifi anajua nimefuata zipu sokoni.

Picha imepigwa. Daktari kaitazama, kamwita mwenzake, wakaitazama wawili. Kuna kitu kinabana uti, kasema, leo silali nyumbani. Na aliyekutuma alifanya vyema kutokugusa. Eti vyema! Kutofanya kitu nako ni ufundi siku hizi.

Kasema nimpigie ndugu. Nimempigia wifi. Kabla sijafungua mdomo: "Zipu umepata?"

Nikasema nimepata. Nikakata.

Muuguzi kaleta kiti cha magurudumu. Nimemwambia miguu ninayo. Kakishikilia tu kile kiti, ananingoja niifunge kalamu. Kifuniko hakiingii. Nimejaribu mara tatu —