Ulikuwa Hunioni, Dada

Dada Habona,

Ni mimi Mabuko, mdogo wako. Anayeandika ni mjukuu wetu Rehema, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike yote, hata yanayonuka.

Najichukia, dada. Wacha nianze hapo. Juzi walikuja watu wa macho hapa Garsen, tukapanga foleni toka asubuhi. Mbele yangu mzee mmoja wa Kiorma, anagombana na kila mtu juu ya nafasi, na yeye mwenyewe amechelewa, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina... haya, nimepotea. Daktari, msichana mdogo, akanimulika jichoni akauliza, "Nyanya, ukinitazama usoni unaona nini?" Nikamwambia, naona masikio yako. Uso hakuna. Katikati pameliwa.

Akasema kuna kitu kinawaka nyuma ya jicho. Ukizeeka, uchafu unajikusanya kule, mwili unatuma walinzi wake wausafishe. Sasa hao walinzi hawajui kuacha. Rehema anasema ni kama sisi tunavyofukuza ndege mpaka tunakanyaga mpunga wenyewe. Jicho haliumi, haliwi jekundu, linaungua tu miaka na miaka. Pembeni panabaki pazima. Kwa hiyo njia unaiona, kuku unamwona, uso wa mtu huuoni mpaka ugeuze shingo umwangalie kwa upande.

Hapo nikakukumbuka, dada.

Wewe ndivyo ulivyoniangalia. Kule mpungani Minjila, unanipita njiani husalimii, halafu unageuza shingo unanitupia jicho la pembeni, kama mimi ni mzoga wa kiboko. Na nzi kwenye ukingo wa sufuria ulikuwa unamwona. Nikasema, nzi anamwona, mimi niliyenyonya naye ziwa moja hanioni? Hiyo ni dharau. Nikatema mate nyuma yako. Wanawake wa kanisani wakacheka, na mimi nilivyo mpumbavu, nikatema tena.

Ukaja kwangu siku moja kuomba maziwa ya mke wa mwanangu, aliyekuwa ananyonyesha, uyatie machoni. Uchafu mtupu, maziwa ya mtu jichoni, lakini ulikuwa umeshikwa na shida. Nikakwambia, nenda kwa hao unaowaona. Ukaondoka ukipapasa ua.

Misimu mitatu hatukusalimiana. Maji ya mafuriko yakaja, ukafa.

Sasa ni zamu yangu. Mke wa mwanangu ananiambia, "Mama, nimekukosea nini, mbona waniangalia hivyo?" Mate yenyewe yalinikauka.

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limeanza kuvuja kule ndani, wanataka niende Malindi nichomwe sindano, ndani ya jicho lenyewe, dada, kama mtu anatoboa yai. Nasikia kutapika nikifikiria. Lakini nitakwenda. Daktari hakuniahidi kitu, alisema tu huenda likabaki.

Kwa hiyo wale wanawake wa kanisani siwangoji waniulize. Jumapili, kabla sijapanda gari, nitasimama mbele yao niseme: Habona hakuwa na dharau, alikuwa haoni nyuso, na mate yale yalikuwa uchafu wangu. Wakinigeuzia mgongo, wageuze. Nimestahili.

Basi pumzika, dada yangu. Hujambo? Nakusalimu mimi kwanza, maana wewe usingeweza kujua ni nani amesimama mbele yako.

Mabuko