Baba Hatunaye

Joyceline uko wapi weee, soma hii sasa hivi. Leo watu wamemlilia Heriel. Mume wangu! Mzima wa afya!

Si nilikwambia alikosa meli ya kuja huku Pemba, yuko Tanga mpaka Jumatatu? Asubuhi watoto wakaniuliza baba yuko wapi. Nikawaambia Krismasi hii baba hatunaye. Nikaingia jikoni nikalia kidogo, basi.

Mchana nikamtuma Anjela kwa jirani yetu, Bi Mwanabaraka, apeleke sahani ya pilau. Bibi kamuuliza, "Wazazi hawajambo?" Mtoto wa miaka minne kajibu, "Baba hatunaye. Mama analia."

HATUNAYE, Joyce!!

Haikupita nusu saa, mtaa mzima uko sebuleni kwangu. Akina mama kumi na tano, na mikeka yao kwapani. Bi Mwanabaraka kanikumbatia, analia kweli kweli. "Pole mwanangu. Maiti inashushwa bandari ya Mkoani au mnazika bara?"

Maiti gani?? Nikampigia Heriel video mbele yao. Katokea anatafuna kuku.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakala pilau, wakapokezana kumbeba mdogo wake Anjela, wakaosha mpaka masufuria. Miaka miwili niko hapa Chake, Joyce, sijawahi kupata wageni hata watano kwa pamoja.

Sasa wameondoka na mikeka yao. Nyumba kimya. Anjela kaja kanishika gauni:

"Mama, baba akifa tena, watarudi?"