Miche ya Shemeji Juani

Jumapili, 1 Juni 2003
Kanisani, kisha dukani Peckham kununua muhogo na dagaa. Miguu imevimba. Nimekuta vikopo vya mtindi vimepangwa kwenye roshani, kila kimoja na mche wa kijani. Nilidhani mchicha. Nikafurahi, mjinga mimi.
Ni bangi. Shemeji Fataki, mdogo wa marehemu mume wangu, alikata vipandikizi kwenye mti wa rafiki yake, akavilea chini ya taa katika kabati la chumba chake. Kumbe ndiyo sababu ya ile kufuli mlangoni mwake. Sasa vimeshika mizizi, vinataka jua.

Jumatatu, 2 Juni
Nimemwambia aitoe. Anasema nani atapanda mpaka ghorofa ya tano kuangalia miche. Nikamkumbusha Neema. Mwanangu bado yuko kambi ya wakimbizi Kigoma kwa dada yangu, na ombi lake la kuja huku ughaibuni halijajibiwa. Polisi wakigonga mlango huu, mtoto hatoki kule. Fataki akainamia sahani.
"Shemeji, hata mimi nataka kuishi."
Serikali ya huku haimruhusu kufanya kazi mpaka ajibiwe ombi lake la hifadhi. Anashinda ndani kama mgonjwa. Najua. Lakini namchukia. Halafu najichukia mimi, maana ndiye aliyembeba Neema mgongoni siku tulipokimbia vita Uvira. Mimi nilikuwa na homa, hata kujibeba siwezi. Mtu kama huyo unamfukuzaje?

Alhamisi, 5 Juni
Shifti ya asubuhi. Nimemwogesha mzee ninayelipwa kumtunza, nimemlisha. Narudi, jirani Mzungu yuko uani, anatazama juu. Akasifu nyanya zangu. Nyanya sina. Nikatabasamu.

Ijumaa, 6 Juni
Ametundika kitenge changu kuikinga miche. Kile nilichovaa kwenye msiba wa kaka yake. Hakuuliza.
Akaanza kunifundisha. Jani lililolelewa chini ya taa halijui jua, lizoeshwe kidogo kidogo, asubuhi tu, kisha kivuli. Ananieleza mimi, mtoto wa kitalu cha kahawa. Kesho anaenda Hounslow, ng'ambo ya mji, kumsaidia rafiki kuhama nyumba. Ameniomba niiangalie. Nimeitikia.

Jumamosi, 7 Juni
Jua kali, hata wingu hakuna. Alipotoka tu nikashusha kitenge, nikakifua. Nikavivuta vikopo vyote katikati ya roshani. Maji sikuweka.
Nikafunga mlango wa kioo, nikakaa kutazama. Mchana majani yalishapauka. Baadaye yakajikunja, kingo zikawa za kahawia. Kuna wakati niliinuka nikashika kitasa. Nikakaa tena.
Amerudi kabla jua halijazama. Akasimama pale, rohani mwake sijui mna nini.
"Ulisahau?"
"Sikusahau."
Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akamwaga udongo kwenye mfuko, kopo baada ya kopo, akaufunga.

Jumapili, 8 Juni
Nguo zake hazipo. Kitanda kimetandikwa. Ufunguo juu ya mto.
Mchungaji amemuulizia. Nikasema amepata kazi mbali. Uongo, ndani ya kanisa, nimevaa nguo nyeupe.
Miche siijutii. Aibu yangu ni nyingine. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia ondoka, nikaliachia jua limwambie.

Jumanne, 10 Juni
Neema kwenye simu. Kabla hajaniamkia vizuri, amemtaka baba mdogo. Nimesema yuko kazini. Mtoto akafurahi, akasema basi amnunulie simu. Nina hasira na mtoto. Hasira ya kipumbavu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimemuulizia Fataki saluni, nimemuulizia kwa yule rafiki wa Hounslow. Wanasema hawajui. Mmoja alinitazama kama mchawi. Na atazame. Yeye hana mtoto kambini.

Jumamosi, 28 Juni
Nimemwona Fataki. Kituo cha basi, mbele ya kinyozi. Amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nilikuwa na gunia la unga, naliburuta. Tukaangaliana.
Nikamwambia ombi la Neema bado. Akatikisa kichwa. Nikataka kusema rudi. Basi likafika.
Akalinyanyua gunia, akaliweka ndani, akalisogeza pembeni lisizuie watu. "Shikilia vizuri, shemeji." Akashuka.
Mlango ukajifunga. Nikalishikilia.