Magugu Yalipotufunga Dunga

Kwako Baba,

Yule samaki ngege uliyemvua tulimla na ugali. Mama alisema ni mtamu, hakuuliza kingine.

Magugu ya ziwani yalipoizunguka mashua yetu pale Dunga, ulimwambia mwenye mashua, "Bwana, kazana, basi ya Nakuru itaniacha." Akacheka: "Mzee, hapa dereva ni upepo. Ngoja ugeuke." Ukampigia mke wako simu kwamba umekwama. Mimi nikawa naomba kimoyomoyo upepo usigeuke. Tangu utuache hatujakaa pamoja hivyo. Ulinimenyea chungwa, ukaniuliza niko kidato gani.

Kuna swali nililokuwa nalo, na tulifika ufukweni sijaliuliza. Likizo ya Agosti naweza kuja kwako? Nitalala hata kwa kiti.

Mwanao wa Nyamasaria,
Nasipwondi