Mguu Uliojifunza Kusujudu

Nyanya yangu mpenzi,

Leo ukumbini Kaloleni watu wamepiga makofi mpaka njiwa wakatoka mbio paani, na nusu ya makofi hayo ni yako. Mguu umepita, Nyanya! Daktari Akinyi ametangaza mbele yetu sote kwamba utafiti umekwisha na umekubaliwa. Kuanzia sasa mguu wetu watatengenezewa watu wengine pia, si sisi tuliojitolea kuujaribu peke yetu. Nimerudi nyumbani, nimevua buibui, nimetandika mkeka wako, na kabla ya kugusa hata sufuria nimeona nikuandikie. Nani mwingine angefurahi kama wewe?

Wajua tulikoanzia. Pikipiki iliponigonga Jogoo Road nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Watu walikuja kutoa pole wakalia kuliko mimi. Wewe ulileta uji wa mchele wenye iliki, ukasema, "Kunywa kwanza, kulia kupo." Hospitalini nikapewa mguu wa bandia wa kawaida, nikajifunza kutembea nao mpaka dukani, mpaka kwa fundi cherehani niliyekuwa nikimsaidia kazi. Kutembea niliweza. Kukaa chini ndiko kulikonishinda, na nyumba yetu ni nyumba ya chini: tunakula chini, tunakuna nazi chini, tunapiga soga chini, tunaswali chini. Mimi nikawa mtu wa kiti, nimekaa juu ya wenzangu kama mwenyekiti wa mkutano.

Swala ndiyo iliyonitesa. Kiti changu cha plastiki kilikaa kushoto kwako, ukingoni mwa mkeka. Uliniambia asiyeweza huswali kwa kiti na swala yake imetimia, na sikuwa na shaka na hilo. Lakini nilitamani, Nyanya. Ulipokuwa ukisujudu nilikuwa naziona nyayo zako zenye hina, nami niko kule juu nimeinamisha kichwa tu. Na ukitoa salamu, ukigeuza uso kushoto, ulichokutana nacho ni miguu ya kiti. Siku moja ukasema, "Leo tena nimesalimia plastiki." Tukacheka sana.

Ndipo akaja Daktari Akinyi, anatafuta watu wa Eastlands waliokatwa mguu, wamjaribie mguu mpya ambao kifundo chake kinapinda. Siku hiyo mtaa mzima uligeuka daktari. Mama Brayo wa mlango wa pili alinisimamisha bombani.

"Wee Mwana, hao watu wa risachi si wa kuamini. Watakutoa damu, wakugeuze panya, halafu wapotee. Si uwaachie wenye hawana nyanya?"

Wewe hukusema ndiyo wala la. Ulimwita Daktari nyumbani, ukampa chai ya tangawizi na mahamri, ukangoja mdomo wake ujae ndipo ukaanza kumuuliza.

"Mguu huu ukimdhuru mjukuu wangu, nani atamtibu?"

"Sisi wenyewe, Nyanya."

"Na akichoka katikati?"

"Anaondoka. Hata sababu hatumuulizi."

"Na akikaa mpaka mwisho, mguu ni wake au mtauchukua?"

"Ni wake."

Ukanigeukia. "Haya. Umesikia kama nilivyosikia. Uamuzi ni wako, si wangu, wala si wa Mama Brayo." Nikakubali siku ile ile. Nilitaka kitu kimoja tu: kuweka paji la uso wangu chini, kando yako, wakati magoti yako bado yanakushusha.

Sasa hapa ndipo tulipochemsha, tukakosea. Kila juma tulikutana ukumbini, tukatembea huku na huku kati ya vyuma viwili, tukapanda ngazi za mbao na kuzishuka. Kisha Daktari akamuuliza kila mtu kwa upole, "Mguu unauonaje? Kuna tatizo?" Nasi tukajibu kama tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yako, lakini habari ni nzuri kwanza. Tena hiki ni kitu tulichopewa, na aliyetupa kaacha kwake akatujia! Mzee Wafula wa Buruburu, mstaafu wa kanjo, baraza la jiji, alikuwa akijibu kwa sauti ya kwaya: "Mzuri sana, Daktari. Bwana asifiwe." Na mimi: "Alhamdulillahi, mzuri." Ukumbi mzima hakuna mbaya hata mmoja.

Kumbe kile kikombe kinachoshika kisiki cha mguu wangu kilikuwa kikiniuma nyuma ya goti kila nilipolikunja, na nilikuwa nikikichomekea kitambaa. Lakini nani angemwambia Daktari, baada ya taabu yote ile? Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifunza kwamba asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Daktari akaandika mzuri, mzuri, mzuri. Halafu juma moja akatuambia, uso umemng'aa, kwamba mkutano unaofuata ni wa mwisho: mguu unaonekana uko tayari, na utaachwa ulivyo. Nilirudi nyumbani nikavuta kiti changu nikaswali. Jioni ukanikuta nafua kile kitambaa, kina damu. Hukunigombeza. Ulisema tu kwamba siku hiyo ya mwisho tutakwenda pamoja.

Ukaja na buibui lako la kutokea, mkeka umeuviringisha kwapani. Nilidhani umeuleta kwa ajili ya adhuhuri. Nikatembea kati ya vyuma, Daktari akauliza swali lake, nikafungua mdomo: "Mzuri, alhamdu—"

"Aka! Ngoja." Ukainuka, ukautandika mkeka katikati ya ukumbi, mbele ya watu wote. "Samahani, Daktari mwanangu. Huyu nimemlea kwa adabu, na leo adabu imempoteza. Mwana, kaa chini."

"Nyanya, tafadhali."

"Kaa chini kama mtu akaavyo kwao."

Nikajaribu. Nilipokunja goti kikombe kikanipata pale pale, nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka relini. Daktari akaja mbio. "Mwanaisha, lakini kila juma nilikuuliza!" Na ni kweli, aliuliza.

"Na kila juma alikujibu kwa heshima," ukamwambia. Kisha ukawageukia wenzangu, mkono kiunoni. "Nanyi je? Mficha uchi hazai. Huyu binti ameacha kazi zake kuja kuwasikiliza, na mwampa salamu tu. Kumwambia kweli ndiko kumshukuru."

Mimi nilitamani sakafu inimeze, nikawa naona fahari wakati huo huo, sijui vipi. Mzee Wafula akakohoa, akapandisha suruali mpaka gotini. Lo! Ngozi yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. "Daktari, tangu nianze kuvaa huu mguu sijapiga magoti kanisani," akasema. "Nilikuwa naona haya kukuambia." Mama mmoja akasema wake unamteleza sakafu ikiwa na maji. Dada mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Enyewe Daktari, hii mguu ikiingia matope inakwama. Ni vile tu tulikuwa tunakuheshimu." Daktari Akinyi alikaa chini kwenye mkeka wako akaandika, akaandika. Hakukasirika hata kidogo. Alicheka huku anafuta machozi, akasema leo si siku ya mwisho tena.

Wakaupunguza ule ukingo wa nyuma, wakalainisha kifundo, wakatuita tena na tena. Na sasa tulijua kulalamika! Mzee Wafula aligeuka bingwa, alilalamikia hata rangi.

Unaikumbuka ile alasiri, Ramadhani ikikaribia? Niliingia nikakitoa kiti, nikakiweka nje mlangoni. Nikasimama kushoto kwako. Nikarukuu. Nikakunja goti nikiungoja ule uchungu niliouzoea, haukuja, nikazidi kushuka. Paji langu likagusa mkeka, ukindu wenye harufu ya udi wako, na nikabaki pale chini mpaka nikakaribia kusahau ninachosoma. Ukatoa salamu kulia. Ukageuka kushoto, na penye kiti ukakuta uso wangu. Ulimaliza tasbihi zako zote, ndipo ukaniuliza.

"Waumia?"

"Siumii."

"Sema kweli, Mwana."

"Wallahi, Nyanya, siumii."

Ukapiga vigelegele, wewe mtu mzima, mpaka Mama Brayo akaja kuuliza nani anaolewa. Kiti tulimpa yeye siku hiyo hiyo. Angali anakikalia akichambua sukuma wiki, na nasikia hapo hapo ndipo anaponisengenyea.

Tukaswali bega kwa bega Ramadhani ile, na miezi iliyofuata, mpaka Mwenyezi Mungu alipokuita. Ulipokuwa mgonjwa godoro lako lilikuwa chini, nami nilipiga magoti kando yake nikakunywesha uji wa iliki. Kila nikipiga magoti ulikuwa unautazama mguu kwanza, kisha mimi. Huo mguu ulinifikisha kwako kila siku niliyokuhitaji, na nitaushukuru kwa hilo maisha yangu yote.

Basi rudi nami leo ukumbini, maana bado sijakuambia makofi yalipigiwa nini. Tangazo la Daktari lilipigiwa pia, lakini makofi yaliyowatimua njiwa yalikuja baadaye. Kuna utafiti mpya ulioanza majuzi, wa waliokatwa juu ya goti, na mimi sasa nimo kwenye kamati inayosikiliza wanaojitolea. Nilikwenda na mkeka wako kwapani. Akaja Hassan, muuza mbuzi wa Kiamaiko, mtu wa kifua kipana, ana majuma mawili tu na mguu wake. Daktari akamuuliza anauonaje.

"Mzuri kabisa, Daktari. Mungu awabariki."

Mzee Wafula akanikonyeza. Nikatandika mkeka. "Kaka Hassan, mbuzi wako humkagua umesimama?"

"Aa, nachuchumaa. Lazima umshike miguu."

"Basi chuchumaa."

Akashuka nusu, akakunja uso, akanitazama kama mtoto anayeomba ruhusa. "Unaniuma, dadangu," akasema. "Tena vibaya." Ukumbi ukalipuka, Nyanya! Watu walisimama wakapiga makofi, Mzee Wafula akaimba, Hassan mwenyewe akacheka asijue amefanya nini. Ameufikia ukweli mapema kuliko sisi.

Ngoja, magharibi inaadhiniwa. Narudi.

Nimerudi. Nimeswali kwenye upande wangu wa mkeka, wako nikauacha wazi. Nimesujudu, nimekaa, na nilipotoa salamu kulia pako palikuwa patupu. Nikakusalimia hivyo hivyo, kwa sauti.

Najua ungeniuliza. Na kwa kuwa ulinikanya nisijibu nzuri nzuri, nakujibu kweli: mguu hauniumi hata kidogo. Kukukosa kunauma, tena vibaya. Lakini nakuandikia nikiwa nimekaa chini, Nyanya, kwenye mkeka wako, na nikimaliza mstari huu nitainuka mwenyewe.

Lala kwa amani, mpaka tukutane.

Mjukuu wako, yule uliyekuwa ukimsalimia kiti chake,
Mwanaisha