Skola Amevuka Mto Wangu

Jumamosi, Ilomba, Mbeya. Ukungu umekaa juu ya mapaa tangu asubuhi na hauna dalili ya kuondoka. Nimevaa sweta mbili, nimesogeza jiko la mkaa mlangoni, na bado vidole vinagoma kuandika. Lakini leo lazima niandike, kwa sababu nina wivu, na mwanamke wa umri wangu hana mahali pengine pa kulitamka neno hilo.

Namwonea wivu dada yangu Skola.

Tena namwonea wivu kwa sababu ya mto ambao haupo duniani.

Nieleze vizuri. Nilipofanyiwa upasuaji wa goti, mwanangu Eze alikuja kutoka Dodoma akaunganisha mashine ya gemu kwenye televisheni yangu. "Mama, daktari amekukataza kutembea," alisema. "Basi tembea humu." Nilidhani ananitania. Akanifundisha kushika pedi ya kuchezea, akanionyesha kitufe cha kuruka na cha kupanda, akarudi zake kazini.

Ndani ya gemu hilo mna nchi nzima. Mna milima, mapori, vijiji, na mwanamke mmoja mwenye joho la bluu, ambaye ndiye mimi. Hakuna anayemwambia aende wapi. Mimi nilimaliza ujana wangu posta nikigonga mihuri kwenye barua za kwenda Kigoma, Lindi na Bukoba, kisha jioni narudi nyumbani kwa njia ileile. Leo napewa nchi, tena na farasi juu yake! Wiki ya kwanza sikupika chakula cha maana.

Halafu nikaanza kuona visa vyake.

Mwanamke huyu anapigana na dubu, lakini uzio unaomfika magotini hawezi kuuruka. Anausukuma kwa mapaja kama ng'ombe aliyefungiwa zizini. Kuna mwamba anaupanda kama mjusi, na mwamba wa pembeni yake, rangi ileile, mteremko uleule, anateleza. Pumzi yake ni mstari mdogo wa kijani, na mstari huo huisha pale mkono unapobakiza shubiri moja tu kufika juu. Farasi naye akiona jiwe anasimama kama kaona nyoka. Kule kusini kuna msitu ninaouona kabisa kwa macho. Niliuendea kutwa nzima. Nilipoukaribia, miguu ikawa inakimbia na mwili umebaki palepale, kana kwamba hewa imejengwa tofali. Ikatokea sentensi kwenye kioo ikinitaka nigeuke.

Niligeuka. Mimi ni mtu wa kugeuka nikiambiwa.

Lakini kilichonitesa zaidi ni mto. Ni mpana, unakwenda kasi, na daraja lake limevunjika. Ng'ambo yake kuna mlima mweupe ambao nimeutamani tangu siku ya kwanza. Ukiogelea, pumzi inaisha katikati na unazama. Mimi sipendi kuzama. Hata kama ni mchezo, moyo unanienda mbio. Kwa hiyo nilianza kuuzunguka polepole, nikitafuta kivuko, nikipima kina kwa hatua moja moja na kurudi nyuma maji yakifika kifuani. Miezi imepita hivyo. Nilishaujua ukingo ule kuliko uchochoro wa nyumbani kwangu.

Alhamisi akaja Skola.

Skola ni binti wa mama yangu mkubwa, kanizidi umri kidogo, ndiyo maana namwita dada. Anakaa Iringa mjini, na maisha yake yote amekuwa mfanyabiashara wa mazao wa kupanda na kushuka magari. Kila sehemu ya nchi hii ana mtu wa kumpigia simu. Aliingia na mfuko wa vitunguu begani, akaniamkia "Kamwene!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, na kabla hajakaa tayari alikuwa anajua kwamba jirani yangu anauza nguruwe.

Nampenda. Niliandike hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata hayataonyesha.

Wivu wangu kwake haukuanza juzi. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijijini kwetu upande wa Kilolo, wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu mwema na mgumu. Aliniwekea mpaka: nyuma ya nyumba kulikuwa na safu ya mikaratusi, na kupita pale bila mtu mzima ilikuwa kosa la fimbo. Kaka zangu walipita. Mbuzi walipita. Mimi nilisimama kwenye mikaratusi nikiangalia bonde linavyoteremka na kupanda tena, kijani juu ya kijani, na nilijua kila kilima kwa umbo lake na sikujua hata kimoja kwa miguu yangu.

Skola hakuwa na mikaratusi. Baba yake, baba mkubwa wangu, alikuwa dereva wa lori la kupeleka saruji kwenye ujenzi wa reli. Shule ikifungwa alimpakia binti yake kwenye kichwa cha lori, wakaondoka. Mafinga, Makambako, Mbeya. Akirudi, jioni tulikaa jikoni kwa mama na Skola akasimulia. Mlima uliotobolewa tundu. Wachina wenye kofia pana. Taa nyingi kuliko nyota. Mama alisahau ugali ukaungua, na hata baba, nje ya mlango, alikuwa ameacha kugeuza kurasa za Biblia yake.

Likizo moja baba mkubwa alikuja kumwomba baba ruhusa ya kunichukua na mimi. Walikuwa wanafika mpaka Chunya safari ile. Mama alikuwa ameshanifungia nguo kwenye kanga. Nilikuwa nimevaa viatu vya Jumapili. Nilisimama kando ya lori, mkono kwenye bati lenye joto la injini, nikiwasikiliza.

"Shemeji, wasichana wawili hawanizidi," baba mkubwa alisema. "Watalala kwa dada yangu pale Mbeya."

"Huyu ana kazi nyumbani," baba alijibu.

"Kazi gani?"

"Nyumbani."

Ndiyo hivyo tu. Baba mkubwa alinipapasa kichwa akapanda. Skola alikuwa ameshakaa dirishani. Alinipungia mkono, na hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama mkono ule, kwa sababu haukuwa na ubaya wowote. Alikuwa na furaha tu.

Basi leo, baada ya chai na viazi, Skola aliniona nimeshika pedi.

"Hiki ndicho kinachokufanya usipokee simu zangu?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha mto, mlima, daraja. Nilimweleza kwa fahari kidogo, kama mwenye shamba anavyoonyesha shamba. Akataka kujaribu. Nikamfundisha vitufe kama Eze alivyonifundisha, na ndani ya moyo nikasema, sasa ataona.

Alimshusha yule mwanamke kwenye farasi, akamkimbiza moja kwa moja mpaka kwenye jabali refu, akaruka mtoni.

Akazama. Maandishi mekundu yakatokea: umekufa.

Skola alicheka mpaka kikombe kikatikisika. "Kumbe kufa ndiyo hivi!" Akaruka tena. Akafa tena. Akaruka akiwa juu ya farasi, wakafa wote wawili, akamwomba farasi msamaha. Hakupima kitu. Hakufikiri. Alikuwa hajui hata kitufe cha kuogelea ni kipi, alikuwa anavibonyeza vyote kama mtu anayepukuchua mahindi. Nilikuwa nimeanza kufurahi, nikaenda kuongeza mkaa.

Nikasikia kelele. "Debora! Debora, njoo, nimefika wapi?"

Maji yalikuwa yamemsukuma, yakamgonga kwenye gogo, gogo likamtupa kwenye mchanga. Ng'ambo. Mwanamke wangu mwenye joho la bluu alikuwa amesimama ng'ambo akitiririka maji, na mbele yake mlima mweupe umejaa kioo kizima.

Nilisema, "Hongera." Sauti haikuwa yangu.

Akanipa pedi akaenda uani kuongea na jirani wa nguruwe. Nikabaki nimesimama kule nilikotamani kufika miezi yote. Nikatembea hatua chache. Nyasi zilikuwa ndefu, kulikuwa na maua ya njano, ndege wakaruka. Nikatazama nyuma kwenye ukingo wangu wa zamani, ulikuwa mdogo, umefifia.

Sikuweza kuendelea. Kila hatua ilikuwa ya Skola.

Gemu hili linakuruhusu kurudi mahali ulipokuwa awali, kama unataka. Nikataka. Nikabonyeza, na ng'ambo yote ikafutika, mlima ukarudi mbali, na mimi nikarudi kando ya daraja bovu na farasi wangu mwoga.

Skola aliingia, akaangalia kioo, akaniangalia.

"Mbona uko huku tena?"

"Nataka kuvuka mwenyewe."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye kochi, akavua kandambili, akasugua miguu yake mbele ya jiko.

"Mdogo wangu, wewe una kitu na mimi," alisema. "Tangu zamani."

Sijui ni baridi au ni uzee, lakini nilimwambia. Nilimwambia kuhusu lori, viatu vya Jumapili, mkono wake dirishani. Nilimwambia kwamba mpaka leo, nikisikia mtu anataja Chunya, naona mkono ule. Nimekaa Mbeya tangu nilipoolewa, Chunya iko pale nyuma ya mlima, na sijawahi kwenda.

Skola alirudisha miguu kwenye kandambili. Halafu akasema, "Unajua sikuona tundu lolote mlimani?"

"Tundu gani?"

"Lile nililowasimulia. Mimi nilikuwa mtu wa kutapika, Debo. Tukifika Mafinga tu naanza. Baba ananilaza, ananifunika turubai, naamka tumeshafika. Zile habari zote nilizisikia kwa utingo. Nyingine nilijitungia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nawaona mnavyosikiliza. Mjomba hata Biblia alikuwa hafungui tena kurasa."

Baba yangu ni baba yake mdogo, lakini Skola siku zote alimwita mjomba, na hakuna aliyewahi kumrekebisha.

"Na Chunya?" nikauliza.

"Chunya niliona vumbi. Na ndoo."

Nilidhani nikisikia kitu kama hicho mzigo utashuka. Miaka yote hiyo nimemwonea wivu mtu aliyekuwa amelala chini ya turubai! Nilisubiri nifurahi. Nilikaa pale nikasubiri kabisa, kama mtu anayesubiri chafya.

Haikuja. Kwa sababu hata kutapika, alitapika Mafinga. Mimi ningetapika pia, tena vizuri tu. Ningetapika njia nzima na ningerudi nyumbani na harufu ya dizeli kwenye nguo, na mama angenifulia, na ingekuwa yangu.

Nikamwambia hivyo hivyo. Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, na mimi nikacheka, ingawa sikuwa natania.

Kisha nikachukua pedi, yeye ameketi pembeni, nikampeleka mwanamke wangu kwenye lile jabali. Nikafumba jicho moja nikaruka. Nikazama. Nikaruka tena, nikazama. Kuzama si kubaya kama nilivyofikiri, unasubiri kidogo, unarudi. Skola alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono ili asinielekeze. Gogo lake sikuliona. Mpaka mvua ndogo ilipoanza, sijavuka.

Tukiwa tunamenya viazi vya jioni akasema Jumatatu anakwenda Chunya. Mwanaye wa mwisho yuko huko machimboni na mkewe amejifungua. "Twende," akasema, kama mtu anayesema twende dukani.

Midomo yangu ilianza kufanya kazi kabla yangu. Nikasema goti. Nikasema vumbi la kule litaniletea kifua. Nikasema nani atawafungia kuku. Nikasikia naendelea kutoa sababu, moja nyuma ya nyingine, na Skola anamenya tu. Baba alifariki zamani. Mume wangu naye. Eze angefurahi mpaka aruke.

Hakuna aliyenikataza.

Nilikaa na kiazi mkononi nikawa natafuta mtu wa kumlaumu, na jikoni tulikuwa wawili tu.

"Daktari amesema natembea vizuri siku hizi," nikasema mwishowe.

"Najua. Eze aliniambia."

"Nitakuja. Lakini kiti cha dirishani ni changu."

Skola akainua uso. "Mimi natapika mpaka leo, mdogo wangu. Dirisha ni langu."

"Utapewa mfuko."

Hatujakubaliana. Tumegombana juu ya kiti hicho wakati wa kula, tumegombana tukiosha vyombo, na sasa naandika haya huku namsikia chumbani anapanga nguo zake na kuimba kidogo wimbo wa kanisani kwao. Gari lenyewe hatujalikatia tiketi. Huenda Jumatatu goti likavimba. Huenda tukapewa viti vya nyuma kabisa.

Lakini nimeshajipanga: nitaamka kabla yake, nitafika stendi kabla yake, nitapanda kabla yake. Je, huu ni ugonjwa, kumwonea mtu wivu wa kiti ambacho bado hajakikalia? Na kama ni ugonjwa, mbona leo ndiyo siku ya kwanza nimeutoa sandukuni mkoba wangu wa safari?