Jino Lisilouma

Jumatatu, 3 Machi

Mada mpya darasa la saba: mafumbo na uzushi. Mwalimu mkuu kanibebesha mimi, wengine wote waliikwepa. Mvua tangu asubuhi. Dirisha moja halina kioo, na watoto wa upande ule wamelowa migongo. Nimewaonyesha picha ya jitu limesimama bondeni, watu wako miguuni pake. Nusu ya darasa wameamini! Kisha yule tunayemwita Wakili akasimama: Mwalimu, kivuli cha jitu kinalala kushoto, vya watu vinalala kulia. Wakamshangilia kama kafunga goli.

Kazi ya wiki: kila mmoja atafute fumbo la nyumbani kwao, Ijumaa alifungue mbele ya darasa. Sikufikiri. Kwanini, binti wa kaka yangu, ameketi dawati la mbele kabisa. Tulimpa jina hilo kwa maswali yake. Leo hakuuliza hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Tumesoma mbinu. Nani alisema kwanza? Nani ananufaika? Halafu chambo — mpe mtu mmoja tu habari ya uongo, usimwambie mwingine, kisha tulia uone itaibukia wapi. Hiyo wameipenda kuliko zote. Kwanini akauliza, je, kama mtu mwenyewe ni mwema? Nikamjibu kwamba chambo hakibagui. Nilijiona mjuzi kweli!

Jioni nimeandika ujumbe wa Kaka.

Niliseme basi humu, sina pengine pa kulisemea. Kaka alikwenda migodini mwaka juzi. Mwenzake wa shimoni alinipigia mimi: ardhi iliporomoka, hawakumpata, shimo likafungwa. Mama wakati huo presha imempanda, hali chakula, dawa hataki, anasubiri simu ya mwanawe. Nikanunua laini nyingine, nikaandika kwa jina lake. Ujumbe mmoja tu, nilisema, mpaka apate nguvu. Mmoja! Sasa Mama anakula, anatania majirani, anacheka kwa raha zake. Macho yake yana ukungu, kwa hiyo Kwanini ndiye anayemsomea. Kaka anasema huko mtandao ni wa shida, hawezi kupiga, ataandika. Kaka anasema! Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumatano, 5 Machi

Naosha vyombo, Kwanini kaja kusimama nyuma yangu. Jino la mwisho linamuuma, la kulia. Nisimwambie Bibi, atahangaika bure. Nimempa maji ya chumvi asukutue. Mama yake aliolewa mbali, na baba ndiyo hivyo. Ananitia huruma mtoto huyu.

Alhamisi, 6 Machi

Saa ya mapumziko, ofisi ya walimu tupu, nimetoa kile kisimu cha laini ya Kaka chini ya madaftari. Nikaandika: Mwambieni binti yangu pole na jino, baba yake anamuwaza.

Jioni akamsomea Bibi. Mama amefumba macho, anatabasamu. Kufika kwenye jino, msomaji akaniinulia macho. Jino gani, Mama akauliza. La zamani, Bibi, Baba kakumbuka tu. Akamalizia kusoma, sauti ileile.

Kisha akaingia jikoni, akachota karanga kiganjani, akasimama mbele yangu akizitafuna. Upande wa kulia. Taratibu, mpaka zikaisha.

Jino haliumi. Halijawahi kuuma. Aliniambia mimi peke yangu.

Na mbinu nimemfundisha mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi

Wakili kaleta fumbo la bomba la kwa mjomba wake linalolia alfajiri. Kumbe hewa. Darasa limecheka. Mimi pia, kidogo.

Zamu ya Kwanini. Chaki imenivunjikia mkononi. Akasema fumbo lake amelifungua, lakini si la kusomwa hapa. Wakamzomea. Nikamwambia keti.

Tumerudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Karibu na lango akauliza, tangu lini. Nikamwambia, tangu Bibi alipoanza kula tena. Na Baba? Nikainamisha uso, nikatazama viatu vyangu. Akaitikia kwa kichwa kama anayekubali hesabu ya ubaoni. Akatoka kwenye mwavuli, akaenda na mvua.

Nilitaka kumkumbatia. Niliona aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sijatuma chochote. Nathibitisha hapa: chochote.

Lakini Kwanini amekaa karibu na Bibi, simu ya Bibi mkononi, akasoma. Baba anawasalimu wote. Baba anasema mwezi wa sita anarudi.

Mama akainuka bila kushika ukuta. Akaimba! Amefagia chumba cha Kaka kwa mkono wake, godoro liko barazani, fundi rangi kaitwa.

Nimemshika Kwanini mkono kwenye korido. Kwa nini umefanya hivi? Hakulia. Kasema: "Ulimwandika wewe, Shangazi. Basi mlete."

Jumapili, 9 Machi

Fundi kaja na ndoo zake. Rangi gani, Mama? Mama kasema tumuulize mwenye chumba. Mjukuu wangu, mwandikie baba yako, rangi gani anataka.

Kwanini aliandika polepole, ananitazama mimi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mkoba wangu wa shule uko kwenye kiti, ubavuni kwa Mama. Kisimu kimo ndani, sikukizima.

Kisimu kikatetemeka juu ya mbao. Grr. Grr.

Macho ya Mama hayaoni vizuri, masikio yake ni mazima. Akageuza kichwa. Simu ya nani hiyo? Fundi, masikini, akajibu kwa nia njema: iko kwenye mkoba wa mwalimu, Mama. Nikasema naenda kuzima jiko.

Jiko halijawashwa. Daftari hili hukaa nyuma ya debe la unga, ndiyo maana naandika, nimesimama. Fundi ameacha kukoroga rangi. Mama hajapaza sauti. Anasema tu, hebu mwandikie tena, mjukuu wangu, nisikilize vizuri.

Kwanini haandiki. Nasikia hatua zake zinakuja mpaka mlangoni. Zimesimama. Ananingoja mimi nitoke.